Kaskazini au Kusini

…na Coloma akalikata tikiti maji katikati, kwa kisu kirefu cha mkate maana mwaka huu hakuna anayejua visu vingine viliwekwa wapi, akaligawa, akalamba kidole gumba, akauliza kama inavyoulizwa kwenye meza hii kila jioni ya Agosti, haya, kesho twende wapi, kaskazini au kusini, na hilo ndilo jambo la mwisho la kawaida lililotokea, kwa sababu wote watatu waligeuka, si kwangu kwanza, waligeukia kiti cha karibu na mlango, ambacho hakina mtu, ndipo wakageuka kwangu, Coloma shemeji yangu na kisu chake, Tolo mumewe, mwanyumba wangu, na kipande mdomoni, na Roser binti yangu ambaye mara moja akajitia kuokota mbegu mezani, nami nikaangalia tikiti, ni tikiti zuri, limeiva mpaka karibu na ganda, sijui alilipata wapi… swali lenyewe ni dogo, nyumba iko Es Mercadal, katikati kabisa ya kisiwa, chini ya mlima, ukitoka asubuhi unaweza kupinda kushoto au kulia na kwa vyovyote utafika baharini kabla redio haijamaliza taarifa ya habari, ndiyo maana baba mkwe alinunua hapa wakati wenzake wananunua ufukweni wakamcheka, upepo ukitoka kaskazini wewe unakwenda kusini, nchi inakukinga, upepo ukitoka kusini wewe unakwenda kaskazini, mtoto yeyote wa Menorca anajua hilo kabla hajajua kufunga makubazi yake, shida ni kwamba upepo wa leo jioni si upepo wa kesho saa tano, lazima mtu aseme, na aliyekuwa akisema ni Agueda. Agueda mke wangu, aliyefariki Februari, moyo, asubuhi, ameshavaa kiatu kimoja, nilikuwa chumba cha pili natafuta miwani… "Shemeji," anasema Coloma, "tikiti halitakujibu, sema wewe," na Tolo anasema mimi nashauri tubaki hapahapa tutie miguu kwenye beseni, na Coloma bila kumtazama, wewe ungeachiwa ungeogelea kwenye bakuli la supu, na Tolo, supu ya leo mbona ilitosha kuogelea, maji matupu, tini za kulia supu zilikuwa wapi, nyanya zilikuwa wapi, na Coloma, zilikuwa tumboni mwako, wewe si ulipakua wa kwanza… wanagombana vizuri, ninashukuru, wakigombana hawanitazami. Agueda alikuwa daktari wa meno na alitaja ufukwe kama alivyotaja jino, hili, la chini kulia, na hapakuwa na mjadala, mtu alifungua kinywa tu, kila asubuhi alipanda paani na kikombe cha kahawa, akakaa huko hadi kahawa iishe, akashuka na jina moja, Trebalúger, au Cavalleria, au Escorxada, bila sababu, hakuwahi kutoa sababu, na nyumba nzima ikaanza kukimbia, biringanya za kujaza zifungwe kwenye kitambaa, mwavuli uko wapi, nani amechukua maji ya baridi, mimi nilikuwa mtu wa kuendesha gari na kazi hiyo ilinitosha. Nilisomea miamba, nimeifundisha muda mrefu, naweza kueleza kwa nini kaskazini mawe ni meusi na mekundu na mchanga ni mzito kama kahawa iliyosagwa, na kwa nini kusini ni chokaa nyeupe iliyochanwa na makorongo, ni visiwa viwili vilivyoshonwa pamoja, huwa nawaambia wanafunzi, pana mahali ukisimama mshono uko kati ya miguu yako, lakini miamba haibadiliki kati ya jioni na asubuhi, ndiyo maana niliipenda, upepo sikuutaka, upepo nilimwachia yeye… "Mimi nataka Macarella," anasema Roser, "wenzangu kazini wote wameshapiga picha Macarella, mimi mwenyeji sina hata moja," na Coloma anaweka kisu chini, kabisa, kwa heshima ya jambo lenyewe, "Macarella? Agosti? Mwanangu, bora niende nikatandike taulo juu ya kichwa cha mtu sokoni," na Roser anasema mama mdogo, kuna basi siku hizi, na Coloma anasema ndiyo, kuna basi, na ndani ya basi kuna Barcelona yote, wewe umetoka kwao juzi bado hujawakinai, na Roser anacheka, ni mara ya kwanza nasikia anacheka tangu ashuke kwenye ndege, anacheka kama mama yake, pumzi inaingia badala ya kutoka, nilikuwa sijawahi kuliona hilo mpaka sasa hivi, au nililiona nikaliacha… "Mnakumbuka," anasema Tolo, "alivyokuwa akiwaelekeza wageni?" na wote wanaanza pamoja, ndiyo, pale njia ya baharini, kwenye geti la mti wa mzeituni mwitu, mgeni na ramani yake na pua imebabuka, samahani mama, ufukwe mzuri uko wapi, na Agueda kwa tabasamu lile la kabla ya sindano, huko mwanangu, nenda huko, na huko ni upande ambao upepo unapiga, kila mara, kwa upole mkubwa, hakudanganya hata neno, ufukwe ulikuwa mzuri kweli, ila hungeweza kufumbua macho… "Mchawi," anasema Roser, na anafuta jicho kwa kiganja chenye mbegu. "Hakuwa mchawi," anasema Coloma, "alikuwa anajua. Dada yangu hakukosea hata siku moja. Hata moja. Nileteeni mtu wa kusema alikosea," na Tolo anatikisa kichwa, kweli, hata moja, na kwa namna anavyoitikia naelewa kwamba jambo limekwisha pita, limepigiwa muhuri, Agueda hakukosea, mwakani watamwambia mtoto wa mtu, kulikuwa na shangazi yetu ambaye hakukosea upepo, nami nipo hapa na kipande cha tikiti mkononi, maji yanateremka hadi kwenye kiwiko, na si kweli. Si kweli hata kidogo. Alikosea Cavalleria, huko kaskazini, Roser akiwa bado mtoto ana pengo la meno ya mbele, wote tulikuwepo, Coloma alikuwepo, alikuwa amevaa gauni la njano, asubuhi kulikuwa na kaupepo ka kusini na Agueda akashuka akasema Cavalleria, tukateremka ngazi zile za mbao na kila kitu kichwani, na kabla Tolo hajamaliza kuchomeka mwavuli upepo ukageuka, tramuntana, upepo wetu wa kaskazini, haukuwa ule mkubwa wa majira ya baridi, ila ulikuwa na hasira zake binafsi, mwavuli ukaondoka, Tolo akaondoka nyuma yake akiuita kama mbuzi, mchanga mwekundu ukaingia kwenye kahawa, kwenye masikio, kwenye biringanya, watu wengine wote wakafunga virago, na Agueda alikaa ameupa upepo mgongo, taulo kichwani kama mtawa, anakula biringanya yake, nilikaa pembeni nikisikia mchanga ukisagika kwenye meno ya daktari wa meno, akasema, hewa safi namna hii mtaipata wapi… na Coloma, huyuhuyu, alimtukana kutoka kwenye maji hadi kwenye gari na kutoka kwenye gari hadi nyumbani, unaona ulichotufanyia, mtoto amejaa mchanga mpaka tumboni, mwaka ujao nachagua mimi, na mwaka uliofuata aliketi palepale na kuuliza kama kawaida kesho twende wapi. Na alikosea kusini pia, Escorxada, yavuyavu wa kuchoma wamejaa maji mazima, zambarau, tuliketi juu ya miamba kama ndege tukiyatazama. Na alikosea ile siku nyingine, majani ya bahari yamerundikana hadi magotini na nzi wake, akasema ni dawa ya ngozi. Wamesahau. Haijapita hata miezi mingi na wamesahau, hawasemi uongo, nawaona, wanaamini, wamechukua siku zile mbaya zote wakazizika naye kwa adabu, na wamebaki na mwanamke aliyesikia upepo kama padri anavyosikia maungamo, ambaye mimi simjui, sikuwahi kulala kitanda kimoja naye… niseme? Niseme tu kwa sauti ya kawaida, Coloma, Cavalleria unaikumbuka? Atakumbuka mara moja. Atalia. Au atanichukia, atasema hata wewe mumewe. "Baba," anasema Roser taratibu, "mama alikuwa anaangalia nini hasa huko juu? Mawingu? Mlima?" na mimi nasema, alikuwa anakunywa kahawa, na wanacheka kidogo, wanadhani ni mzaha, na siyo. Kwa sababu siku ya Cavalleria, wakati wa kurudi, tulipofika kwenye geti yeye alibaki nyuma, wa mwisho ndiye anayefunga geti, kondoo wasitoke, hiyo ni sheria ya kila mtu hapa, na mimi nilibaki naye kushika kapu, na akiwa anafunga ile ndoano akaniambia chini kwa chini, bila kunitazama, nilikisia, Nofre, huwa nakisia, ukiwaambia nakung'oa jino bila ganzi. Akapita. Akaenda kutukanwa. Nilifikiri miaka yote ile ni siri ya kuchekesha, nilikuwa nayo mfukoni kama mtu anavyokuwa na kokoto, sikuwahi kuiuliza inasema nini, na sasa nimekaa hapa tangu Jumamosi nikiogopa swali la Coloma, nikitafuta sababu, gari lina kelele, jua ni kali, nina karatasi za kusahihisha katikati ya Agosti, kumbe naogopa nini, naogopa kuchagua vibaya, tukafika na bahari imechafuka na kila mtu akanyamaza na katika kule kunyamaza wakasema, angekuwepo yeye… hapana. Niwe mkweli, si hilo. Naogopa kuchagua vizuri. Naogopa niseme jina, tufike, maji yawe yametulia kama mafuta, Roser aogelee hadi kwenye mwamba, Tolo alale na gazeti usoni, na iwe siku nzuri, siku nzuri kabisa, na hapo ijulikane kwamba mtu yeyote angeweza, kwamba kazi ile ilikuwa inafanyika hata bila yeye, na hicho ndicho nilichokuwa siwezi kukipa mkono wa buriani… lakini kama alikuwa anakisia basi hiyo haikuwa kazi yake. Ngoja. Kama alikuwa anakisia, mtu yeyote kweli angeweza, tangu siku ya kwanza, Tolo angeweza, mimi ningeweza, sarafu ingeweza, na hatukutaka, hakuna aliyetaka, kwa sababu anayechagua ndiye anayetukanwa, ndiyo kazi yenyewe, sisi wengine tulikuwa tunapanda gari tukiwa hatuna hatia, kila siku, Agosti zote, siku ikiwa nzuri ni ya kwetu sote na ikiwa mbaya ni ya Agueda, na alipanda ngazi zile na kahawa yake kila asubuhi akaenda kuichukua, akashuka na sauti ile, na hakutoa sababu kwa sababu hakuwa nayo, na kama angetoa sababu tungeanza kujadili na kila mtu angebeba kidogo. Wakati wote nilikuwa naendesha gari. Nilidhani naendesha… "Mwache," anasema Tolo, "mwache ale tikiti lake, tutaona kesho," na Coloma anasema kesho kesho, kesho ikifika saa nne bado tupo na nguo za kulalia na sehemu zote za kuegesha magari zimejaa, dada angekuwa ameshasema, na anasimama kukusanya maganda, mikono yake inafanana na ya dada yake isipokuwa kucha, na anapita nyuma yangu ananigusa bega kidogo kwa kiwiko kwa sababu viganja vina maji, "Haya basi shemeji, usijali, hatuna haraka," na Roser bado anapanga mbegu, amezipanga mstari, taa ya mtaani imewaka, kwa jirani wanakaanga samaki, swali liko palepale mezani kama alivyoliweka, kaskazini au kusini, na sitawaambia habari ya Cavalleria, si leo, wamwache asiwe amekosea kwa sasa, makosa yake nitayatunza mimi, nayakumbuka yote, ni mazuri.

Asubuhi sikupanda paani. Nilimkuta Coloma jikoni anakoroga maziwa, Tolo anatafuta soksi ambazo hahitaji, Roser amekaa kwenye ngazi na nywele hazijachanwa, madirisha yote yakiwa bado yamefungwa, nikasema kutoka mlangoni, Pregonda. Coloma akageuka na kijiko. "Pregonda? Kule kaskazini, mbali, kwa miguu, na huu upepo?" Nikasema ndiyo, na huu upepo, na biringanya zifungwe mara mbili. "Na tukifika bahari imechafuka?" Nikamwambia mtanitukana mimi, kutoka kwenye maji hadi nyumbani, nina masikio mawili. Akamgeukia mumewe akampigia kelele kwamba ule mwavuli hautajipeleka garini wenyewe.