Vidole vya Mke Mwenza

Mwasiti wa Mikindani alikuwa na mdomo, tusidanganyane. Miaka kumi na mitatu aliishi nyumba moja na mke mwenzake, Mwanakombo, na haikupita siku asimkemee. Mume wao alipofariki, watu walidhani kila mmoja atashika njia yake. Wapi! Walibaki palepale, wakigombana na kupika togwa iliyosifiwa mpaka Mpapura.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Walifunga kimea cha mtama ndani ya kifuko cha kitambaa cha kaniki, wakakizamisha kwenye uji wa muhogo uliopoa kidogo, uji ukalainika na kuwa mtamu. Wengine humwaga kimea chunguni kikaishia humo. Hawa walikitoa kifuko, wakakitia chungu cha pili, kisha cha tatu. Mwasiti alikoroga uji. Kukikamua kifuko ilikuwa kazi ya Mwanakombo, mla tambuu asiyechoka, vidole vyeupe kwa chokaa. Mwasiti alimwambia anawe mikono, mchafu mkubwa. Mwenzake alicheka tu, hanawi.

Mwaka ule bandari ya Mtwara ilikuwa bado inajengwa, na jua lilikuwa limeunguza mtama shambani. Katikati ya njaa hiyo homa ikamchukua Mwanakombo.

Mwasiti akaahidi togwa ya arobaini, vyungu vitatu, ingawa kimea kilichobaki kilitosha kifuko kimoja tu na punje chache za kujaribia. Akajaribu kwa kifuko kidogo. Kikombe cha kwanza kilikuwa kitamu. Cha pili kikawa uji mtupu, mzito, unaokwama kooni. Kisimani wanawake wakaanza kunong'ona kwamba togwa imeukataa mkono wenye husuda, kwamba alimtakia mwenzake kifo. Maneno hayo yalimkata maini. Vyungu vya arobaini vikiharibika, jina hilo lingemganda mpaka kaburini.

Akatia chumvi, haikusaidia. Akatia ndimu, hata kikombe cha kwanza kikagoma.

Siku tatu kabla ya arobaini alikuwa akipanga nguo za marehemu za kutoa sadaka, akakuta kijaluba cha tambuu. Chokaa ilikuwa bado laini. Aligusa, kidole kikawa cheupe, akaketi kitandani ghafla. Vidole vyeupe kama hiki ndivyo vilivyokuwa vikikamua kifuko miaka yote ile.

Alikimbilia jikoni. Mara ya kwanza alikipaka kifuko chokaa nyingi kwa pupa, uji ukawa na ladha ya ukuta, haukulainika hata kidogo. Mara ya pili alitia kiasi cha ncha ya ukucha. Kikombe cha kwanza kitamu. Cha pili kitamu. Cha tatu pia. Mwasiti alilia mbele ya vikombe vile kuliko alivyolia siku ya maziko.

Siku ya arobaini, baada ya dua, vyungu vyote vitatu vilinyweka, na wale wa kisimani ndio walioongoza kuomba waongezewe. Jirani yake, Fauzia, akamuuliza amefanyaje. Mwasiti angeweza kujisifu, na hakuna ambaye angejua.

"Si mimi, Fauzia," akasema, watu wote wakisikia. "Ni chokaa ya vidole vyake iliyokipa kimea nguvu mpaka chungu cha tatu. Vidole nilivyovitukana miaka kumi na mitatu."

Fauzia akamwombea marehemu rehema, akasema kidole kimoja hakivunji chawa, kisha akateka kata nyingine.

Baada ya alasiri watu wakatawanyika. Mwasiti akabaki na vyungu vya kuosha. Jina lake lilikuwa limesafika, na nyumba ilikuwa kimya mno. Maneno aliyoyasema mbele ya watu yalikuwa haki ya Mwanakombo, na Mwanakombo hakuyasikia. Angeyasikia, angecheka mpaka machozi yamtoke, angemkumbusha kila asubuhi kwa mwaka mzima, na Mwasiti angemnunia siku tatu. Sasa hakuwa na wa kumnunia.