Kumrudisha Mbwa wa Wenyewe

Jumapili ile tulikuwa tumetoka kanisani, hata viatu sijavua, mwanangu Tremaine akaingia jikoni amebeba mbwa. Kijibwa cheupe, kimejaa tope, kinatetemeka.

"Mama, kamepotea. Ona kibati cha shingoni. Kanaitwa Peaches, na anwani ipo."

Nikaisoma. Ng'ambo ya kijito, kwenye zile nyumba za bustani kubwa, ambako mtu mweusi kama sisi haulizwi kitu pale tu anaposukuma mashine ya kukatia nyasi za wenyewe. Namba ya simu ilikuwa imefutika.

"Nakapeleka sasa hivi. Dakika kumi tu kwa mguu."

"Huendi."

"Kwa nini?"

Tremaine ana miaka kumi na mitatu, ila mwaka huu alirefuka ghafla akampita baba yake. Mpaka leo hawezi kulala bila taa ya korido. Hilo nalijua mimi. Mtu atakayechungulia dirishani akamwona kibarazani kwake, atajuaje kuwa ni mtoto?

Mume wangu Curtis, dereva wa basi, alikuwa amejilaza kwenye kochi. "Wapigie watu wa manispaa waje wakachukue," akasema bila kufumbua macho.

"Watakafungia, Baba. Na mwenyewe labda analia huko."

Curtis akakaa. Akaniangalia, nami nikamwangalia. Kisha akanyoosha mkono nimpe funguo za gari.

Tukapanda gari wote, na njiani Curtis akaanza. "Ukifika mlangoni?"

"Kofia ya sweta nimeitoa kichwani, mikono nje ya mifuko, nabonyeza kengele mara moja, narudi nyuma hatua tatu," Tremaine akajibu kama anayeimba. "Baba, umenifundisha haya tangu nina miaka sita."

"Sema tena."

Mlango ulifunguliwa na mama mmoja wa Kizungu. Alipokiona kile kijibwa alipiga kelele, akapiga magoti pale pale akakikumbatia na tope lake. "Mungu akubariki, kijana!" Mumewe akatokea nyuma yake.

"Mmempata wapi?"

"Kando ya kijito, bwana," Tremaine akasema.

"Wapi hasa?"

Akaelezwa. Akauliza tena. Alipokuwa anauliza mara ya tatu, gari la polisi likaja taratibu, likasimama nyuma ya letu. Jirani alikuwa amepiga simu: kuna watu hawaeleweki mlangoni kwa watu.

Polisi alishuka, mkono karibu na bastola kiunoni. "Kuna tatizo hapa?"

"Tatizo gani?" yule mama akafoka. "Wameniletea mbwa wangu!"

Polisi akacheka kidogo, akatutakia Jumapili njema, akaondoka. Basi, hivyo tu. Hakuna aliyeguswa. Lakini nilipogeuka nilimkuta mwanangu ameinua mikono usawa wa kifua, viganja wazi. Hakuna aliyemwambia ainue.

"Shusha, mwanangu," nikamnong'oneza. "Ameshaenda."

Tukapanda gari, tukavuka daraja.

"Siku nyingine nikiona mbwa, nampita," Tremaine akasema.

"Usimpite," Curtis akajibu. "Niite."

"Hata ukiwa kazini?"

"Hata nikiwa kazini."

Sote watatu tulijua hawezi kuacha basi lililojaa abiria. Lakini mimi moyoni nilikuwa nimelifurahia lile la kumpita mbwa. Nilijiambia, heri ampite, heri akipite kila kitu, mradi arudi nyumbani. Halafu nikaona aibu. Miaka kumi na mitatu nimemlea awe mtoto wa kuokota mbwa wa watu, na sasa natamani aiache tabia hiyo.

Tulipofika, Curtis aliingia ndani. Mimi na Tremaine tukabaki tumekaa garini.

"Ulifanya vizuri," nikamwambia.

"Najua." Akaegemeza kichwa kwenye kioo. "Ila nimechoka, Mama."

Nilitaka kumwambia kwamba umri wake bado si wa kuchoka.

"Na mimi, mwanangu," nikasema. Tukashuka, tukaenda kula makaroni yetu, yamekwisha kupoa.