Plagi Kwenye Samli

Garissa nzima hapakuwa na mwanamke aliyeomba mvua kwa bidii kama Saado, na wala hakuwa na mbuzi hata mmoja. Alikuwa na mume, Guleid, mchanja ng'ombe wa serikali, na mume alikuwa na pikipiki. Tena alikuwa na mke mdogo, Naimo, kule Dadaab.

Vita vya shifta vilikuwa vimewafungia watu njia, lakini Guleid alipewa ruhusa ya polisi kusafiri mchana. Kiangazi, barabara ikiwa ngumu, alikwenda Dadaab kuchanja, eti. Masika udongo mweusi uligeuka uji, pikipiki haikutoka mtaani, na Guleid akawa wa Saado mpaka njia ikauke.

Mwaka wa 1965 mawingu yalichelewa. Saado, kwa wivu, akachomoa plagi ya pikipiki akaizamisha kwenye chombo cha samli. Guleid alipiga teke ile pikipiki iwake, mpaka mguu ukavimba. Raia mwenye pikipiki mjini alikuwa yeye peke yake, plagi nyingine angeitoa wapi? Mvua ikamkuta nyumbani, na Saado alinenepa masika ile.

Njia ilipokauka aliirudisha plagi kwa siri, na mwaka uliofuata akarudia mchezo wake. Lakini pikipiki zilikuwa zimeanza kuzoeleka: Munyao, mwalimu kutoka Kitui, naye alikuwa amenunua yake.

"Mwalimu, bikibiki yangu imekufa," Guleid alimwambia kwa Kiswahili chake cha Kisomali. "Wewe iko na blagi ingine?"

"Ninayo. Ila fanya haraka, angalia mawingu hayo."

Saado aliisikia pikipiki ikinguruma uani, akatoka mbio. Guleid alikuwa amekwisha panda.

"Nenda," Saado alimwambia, roho ikimchoma. "Kakae huko huko kwake."

Jioni ile ile mvua ikashuka, na haikukatika. Wanawake wa mtaa walitega sufuria nje wakicheka. Baadaye Dubow, mchunga ngamia, akafika kwa miguu na salamu kutoka Dadaab: Guleid ni mzima, barabara haipitiki, atakaa kwa Naimo mpaka ikauke. Hata pikipiki imelazwa ndani isilowe.

"Saado," jirani yake Rukiyo aliita kutoka ng'ambo ya ua, "dua zako zimekubaliwa."

"Alhamdulillahi," alijibu Saado, akaingia kuchota samli ya kupaka kwenye mikate ya anjera. Kijiko kikagonga plagi.