Malalamiko ya Wakazi wa Chumba cha Wageni

Mlezi wa wanafunzi alikuwa amezeeka katika kazi ya kupatanisha watu wanaolala chumba kimoja. Aliwahi kuwasuluhisha hata mabinti wawili waliogawa chumba kwa chaki, wa dirishani akawa haruhusiwi kuufikia mlango. Wote walisaini fomu, wakapeana mikono, yakaisha. Kumbe mganga hajigangi. Nyumbani kwake walikuwa wawili waliomshinda: mama yake mzazi na mama mkwe, chumba kimoja, dirisha moja.

Mama ametoka kupasuliwa jicho, anataka dirisha lifungwe vumbi lisiingie. Mama mkwe ana kifua, anataka lifunguliwe apumue. Waliosema mafahari wawili hawakai zizi moja hawakuwaona bibi hawa.

Alhamisi mama akafunga mzigo. "Jumamosi narudi kwangu."

Kwake hakuna mtu, na dawa ya matone hawezi kujitilia. Jicho lingepotea hivi hivi. Mlezi aliogopa kwelikweli, na alipoogopa alifanya alichokijua: akaleta fomu ya ofisini. Mumewe alipoiona ile karatasi akakumbuka kwamba gari halijaoshwa.

"Karibuni," mlezi alianza, kwa ile sauti yake ya kazini. "Hapa hakuna mshindi wala mshindwa. Kila mmoja aeleze hisia zake."

"Hisia za nini?" akauliza mama mkwe. "Mimi nataka hewa."

"Umesikika, mama."

"Najua nimesikika. Kwani mimi bubu?"

Mama alikuwa ameisogeza fomu karibu na jicho zima. "Hapa wanauliza mwaka wa masomo."

"Paruke, mama."

"Na hapa, mzazi wa kuarifiwa mwanafunzi akifanya utovu wa nidhamu. Wangu wako kaburini."

"Na wangu," akasema mama mkwe. "Waende wakawaarifu huko huko!"

Wakacheka, mara ya kwanza tangu wakutanishwe. Mlezi akaona ndiyo wakati wa kuwaacha dakika kumi peke yao, kama afanyavyo ofisini. Nje ya mlango alisikia minong'ono, kisha vicheko, akajipongeza. Kazi ni kazi, na yeye anaijua.

Aliporudi, fomu ilikuwa imejaa. Dirisha lilimalizwa kwa mstari mmoja: wazi asubuhi, lifungwe upepo ukianza. Lakini nyuma, penye malalamiko, palikuwa na maandishi mengi na saini mbili.

"Soma kwa sauti," mama akaamuru. "Tukijibiwa vizuri, nafungua mzigo."

Akasoma. "Mwenye nyumba akirudi kazini anauliza kama tumekula, tumelala, tumemeza dawa. Akijibiwa anaondoka. Watoto wa wenzake anawasikiliza kutwa. Sisi tunagombania dirisha kwa sababu hakuna mwingine wa kuongea naye. Tunaomba akae nasi kitako, tuongee."

"Malalamiko yenu yamepokelewa," mlezi akasema, "na yatafanyiwa kazi ndani ya siku kumi na..."

"Siku kumi na ngapi, mwanangu?" mama akauliza taratibu, akimwachia nafasi kitandani. "Mimi nina siku ngapi?"

Akaketi. Mama mkwe akamvua viatu kama mtoto mdogo. "Haya, tuambie. Leo kazini nani kakuudhi?"

Alitaka kusema hakuna. Akajikuta analia, tena kwa sauti, mtu mzima mwenye ofisi na mhuri.