Mahindi Yaliyobaki Kizingitini

Felista alikuwa akianua mahindi kwa sababu wingu lilikuwa limejikusanya upande wa Mbozi. Mtu asiyemjua akapiga hodi uani, amebeba mlango kichwani.

"Karibu, baba," Felista alisema. "Ila nyumba yenyewe haina mlango."

"Nimekuja na wangu, mama. Usihangaike kunifungulia."

Alikuwa Danieli, seremala kutoka ng'ambo ya mpaka. Alikuwa ameitwa na Nikodemo mwenye duka, na alihitaji mahali pa kulala mpaka kazi iishe.

Mwaka ule wa 1951, kila nyumba ya bati Tunduma ilikuwa na kufuli, na kila kufuli lilimwonyesha mwizi penye kitu. Nikodemo alikuwa na makufuli mazito, mbwa wakali, na mlinzi aitwaye Rubeni, mumewe Felista. Magunia yalipopungua ghalani, mbwa hawakushtakiwa. Matarishi wa baraza walivunja mlango wa Rubeni, wakamchukua. Sasa alikuwa mahabusu, akingoja baraza la Jumatatu.

Danieli aliusimamisha mlango wake pale palipovunjwa.

"Kitu cha wizi hakipiti hapa," alieleza, kama mtu anayeeleza kwamba bawaba zinataka mafuta.

Felista aliingiza mahindi yote, kisha akatoa na kuingiza tena vyombo, jembe na blanketi la Rubeni. Hakuna kilichobaki nje.

"Basi humu hamna cha mtu," Danieli alisema.

"Utayasema hayo barazani?"

Danieli aliugeukia mlango, akaupangusa vumbi. Alikuwa amevuka kwa njia ya porini, na stakabadhi ya kodi, ambayo asiye nayo hukamatwa, hakuwa nayo.

"Nitasema," alijibu.

Kesho yake aliupachika mlango kwenye ghala la Nikodemo. Wakulima wa kijiji cha Hasamba walikuwa wameleta mahindi, na mizani ilikuwa imekwisha kusema lake. Yonasi, kuli wa duka, aliingia na gunia la kwanza begani. Gunia lilipita. Lakini sehemu ya mahindi ilibaki nje kizingitini, kichuguu kidogo kilichotulia kama kilichowekwa kwa mkono. Gunia la pili likawa vilevile, na yaliyofuata. Punje ilibaki nje kwa kadiri mizani ilivyopunja.

Mzee Enoka wa Hasamba aliinama, akachota konzi moja.

"Haya ni yangu," alisema. "Nayajua kwa wekundu wake."

"Zoa, mzee, usichafue mlango," Nikodemo alisema. Akamgeukia Danieli. "Kazi yako nzuri, fundi. Kwa hiyo mwizi haingii?"

"Anaingia, bwana. Alichoiba ndicho kinachobaki nje."

Makuli walicheka. Nikodemo naye alicheka kidogo. Kisha akaagiza ukuta wa nyuma utobolewe dirisha la kutosha kupitisha gunia, na kabla ya chakula cha mchana Yonasi alikuwa amekwisha kulizoea.

Jumatatu Danieli angeweza kuwa kwao. Mpaka ulikuwa karibu kiasi cha kusikia majogoo wa upande wa pili. Alikwenda barazani. Alieleza habari za ghala, mizani, na mahindi kizingitini. Wazee walisikiliza wakitikisa vichwa kukubali, kwani wengine wao walikuwa wameyaona.

"Hayo tunayajua, fundi," mkuu wa baraza alisema kwa upole. "Hakuna anayekubishia. Lakini gunia limepungua, na lazima mtu afungwe. Rubeni atakwenda gerezani Mbeya. Na wewe, stakabadhi yako ya kodi iko wapi?"

"Sina, mzee."

"Ulijua tutaiuliza?"

"Nilijua."

Felista alikuwa amesimama nyuma ya watu, kanga ameibana kifuani. Rubeni alitazama chini.

Danieli aliomba amalizie kwanza, maana alikuwa hajafika kwenye nyumba ya Rubeni. Mkuu wa baraza alimruhusu. Basi akaendelea, kitu kimoja baada ya kingine, jinsi vyote vilivyopita mlangoni, na tarishi akamfunga kamba mikononi taratibu, asimkatize.