Mkono wa Kushoto wa Asheri

Kaka yangu Asheri aliamini kuwa maumivu dawa yake ni kuzidisha kazi. Ndivyo mkonge ulivyomfunza. Aliposhuka kutoka Myamba, kwetu milimani Upare, kuja kukata mkonge huku bondeni, viganja vyake vilichanika vibaya. Hakupumzika, vikaota sugu.

Mashamba yalipotaifishwa, bendi ya shamba letu ikatafuta mpiga gita la solo. Atakayechaguliwa hatakata mkonge tena. Asheri akaazima gita, akawa analipiga tangu atoke kazini mpaka nipakue chakula, na baada ya chakula pia. Kifundo cha mkono wa kushoto kikavimba. Asubuhi aliamka vidole vimekufa ganzi.

"Kaka, upumzishe huo mkono," nilimwambia. "Chuo cha ualimu tulifundishwa gita; mkono ukianza kuuma unaacha. Halafu usikikunje kifundo hivyo."

"Mwalimu, watoto wa shule hawakutoshi?" Akanionyesha kiganja. "Mkonge nao ulianza hivi hivi."

"Mkonge ulikuuma ngozi. Huku kunauma ndani."

"Na ndani kutaota sugu."

Akacheka. Nami nikacheka, maana sikuwa nimemwona na furaha ile tangu tumzike mama. Akafunga kifundo kwa kitambaa, akaendelea.

Siku ya kuchaguliwa, Mbaraka, kiongozi wa bendi, alimkabidhi gita la umeme mbele ya ukumbi uliojaa. Asheri alianza vizuri mno. Wanawake wakapiga vigelegele. Mara vidole viwili vya mwisho vikajikunja, vikagoma kufunguka. Akavikunjua kwa mkono wa kulia, akaanza upya. Vikajikunja tena.

"We Mpare, mbona umelibana gita kama hela yako?" mtu alipaza sauti.

Ukumbi ukaangua kicheko. Mbaraka hakucheka. "Lete, mdogo wangu," alisema taratibu, akamvua gita begani.

Jumatatu Asheri alirudi shambani. Mkono wa kulia hukata, wa kushoto hushika jani. Wake haukushika kitu. Msimamizi akamwambia arudi kwao mpaka apone. Mganga wa zahanati alikuwa ameshaniambia pembeni kwamba haoni dalili ya kupona.

Asubuhi ya safari alihangaika na shati lake, kisha akaja kusimama mbele yangu. Nikamfunga vifungo kimoja kimoja, nikikwepa macho yake.