Herufi Moja ya Sorath

...na adenini hushikana na thaimini, guanini na sitosini, nimeshalichora hili mara ngapi kwenye ubao huu, miaka kumi na moja, chaki imenikausha vidole, feni imesimama, umeme wa mji huu wa Sukkur nani ajuaye utarudi lini, wasichana arobaini wananitazama nami natazama mchoro wangu wa DNA, ngazi iliyosokotwa, "nyuzi mbili zinaachana hapa katikati," nasema, "kama zipu," sauti ni yangu ila mwenyewe siko humu, niko kituo cha damu, jana, binti yangu Sorath amelala na sindano mkononi, miaka sita, kila wiki ya tatu mfuko mwingine, "Mama, damu hii ya nani?" "Ya mtu mwema." "Na yangu imekwenda wapi?" nikamwambia lala, mwanangu, lala... "kila uzi wa zamani unajitengenezea mwenzake mpya," nasema, kalamu zinakwaruza, mama mkwe wangu anashikilia kwamba kilichomuuguza Sorath ni jua, "Lilipatwa ukatoka nje na mimba yako, nilikukataza!" nami mwenye shahada ya biolojia nikakaa nikihesabu miezi, labda jua, labda vile vidonge vya kichwa, labda kusimama darasani mpaka miguu ikavimba, ingawa daktari alishasema, wewe na mumeo Imdad kila mmoja ana nakala moja nzima ya jeni ya damu na moja yenye herufi iliyokosewa, mtoto amechukua mbovu kwenu wote wawili, Imdad ni mtoto wa baba yangu mkubwa, na Ijumaa mdogo wangu Ambreen anachumbiwa na Waqar, mdogo wake Imdad, damu ileile, na mama asubuhi kwenye simu, "Usifungue mdomo wako, Farzana, watu wameshaalikwa, unataka mdogo wako azeekee hapa kwangu?" nikasema sawa, Mama, nimechoka, hata kubishana kunataka nguvu... "Mwalimu!" ni Tehmina, dawati la mbele, "seli ikikosea kunakili je?" "Vipo vimeng'enya vya kusahihisha." "Na kosa likiwa tayari limo kwenye uzi wa zamani?" wenzake wanaguna, "Tehmina naye, si utuache tukale!" nami najibu bila kufikiri, "Hapo hakuna kitakacholiona, litanakiliwa vizuri kabisa," vizuri kabisa... basi si jua, si vidonge, si miguu yangu, mwili wangu haukuteleza popote, wala wa Imdad, ulinakili kwa uaminifu ulichopewa, na waliotupa nao walipewa, hakuna aliyejua, hakuna aliyedanganya, mpaka leo asubuhi, mimi, ninayeliona kosa kwa macho yangu, nikasema sawa, Mama... kengele ikilia siendi nyumbani, naenda kwa Ambreen, nitamwambia twende wewe na Waqar mkatoe damu ipimwe, kichupa kimoja kila mtu, ikitoka salama kuleni ladu zenu, vitamu vya uchumba, isipotoka salama mtaamua wenyewe mkijua, mama atapiga kelele, apige, atanikuta nimechoka vilevile, feni bado imesimama, jasho linanitiririka mgongoni, arobaini wananisubiri, "Mwalimu," Tehmina tena, "hilo la kosa tuliandike au halimo kwenye mtihani?" "Halimo," nasema. "Liandikeni."